Saba Iliyopinda

Mia tatu kwa mwezi, si zaidi.
Nazitia kwenye mkebe wa majani chai.
Akeyo anajua mkebe uliko, na haugusi;
nami najua karo iliko, na siigusi.
Huo ndio mkataba wa nyumba yetu hapa Migosi.

Behewa la kwanza nililipata Milimani,
wageni walipouza vyombo ili warudi kwao:
shilingi hamsini, pamoja na taa isiyowaka.
Lilikuwa na theluji ya plastiki juu ya paa.
Theluji, Kisumu!
Niliikwangua kwa wembe jioni tatu,
nikang'oa na magurudumu, yalivyokuwa mapana,
yamezoea reli za watu wengine.
Yetu ni reli ya mita moja kamili,
na mita, ukiigawanya kwa themanini na saba,
haifiki milimita kumi na mbili.
Hicho kisichofika ndicho kinachoninyima usingizi.

Wenzangu wa posta husema, Nyangweso, nunua jipya.
Nimeliona jipya, kwenye kitabu cha picha:
bei yake ni muhula mzima wa Hawi,
na ribiti zake hazijawahi kuiona Muhoroni.
Mimi nina sheria moja:
siundi behewa lisilo na shahidi.
Picha, au kipimo,
au mtu aliyelipakia akaumia mgongo.

Ndiyo maana Jumamosi moja nilikuwa Kibos,
kwenye reli ya pembeni iliyomezwa na magugu,
utepe wa fundi cherehani shingoni,
nikipima behewa la sukari lililozeeka limesimama.
Askari akanijia na rungu. "Unaiba chuma?"
"Naiba vipimo," nikamwambia.
Akanitazama, akautazama utepe,
akaweka rungu chini, akashika ncha ya pili.
Tulihesabu ribiti pamoja upande wa jua:
mia moja arubaini na mbili.
Za upande wenye nyigu, alisema, nimwamini tu.

Kuta nilizikata kwenye boksi la viatu.
Ribiti nilizidunga kwa sindano, kwa nyuma, moja moja,
mpaka karatasi ikaota vipele.
Vishikio ni waya wa simu.
Rangi ndiyo iliyonikwamisha miezi miwili:
duka la Jagtar lina nyekundu ya milango
na nyekundu ya matrekta,
halina nyekundu iliyopigwa na jua la Nyando miaka arubaini.
Nikachanganya. Nikaongeza majivu ya jiko.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba kinataka na magurudumu.

Agosti nilirudi Kibos kuhakikisha breki.
Nilikuta mstatili wa nyasi za njano
na harufu ya gesi ya kukatia vyuma.
Askari akafungua viganja: malori mawili,
usiku mmoja, na karatasi zao zilikuwa na mihuri.

Basi langu nikalifunga pamba, nikalitia koponi,
nikalipeleka Luanda kwa Bi Khavere,
mjane wa Zablon, mchora namba wa karakana.
Alivaa miwani. Aliligeuza, akalinusa.
Kwa rangi hakusema neno.
Kisha akaweka ukucha juu ya saba.
"Hii imenyooka," akasema.
"Zablon alivunjika mkono mwaka alionioa.
Kuanzia hapo saba zake zote zilipinda,
kama mtu anayechungulia mlangoni.
Hii si yake."

Usiku huo nilitengeneza brashi ya nywele tatu,
nimemwomba Hawi, akanipa huku analalamika.
Nikaukunja mkono wangu kama uliovunjika.
Saba ya kwanza ikalala. Ya pili ikawa moja.
Ya nne ikachungulia.

Sasa ni mabehewa kumi na moja, miaka tisa,
rafuni juu ya cherehani.
Injini bado. Injini ni miaka minne ya mkebe.
"Yanangoja tu," asema Akeyo, "kama yale halisi."
Kila Jumapili huyapangusa yote, ila hilo moja:
hupitisha kitambaa kando yake,
anasema vumbi la hilo ni la Kibos,
nami sijamwambia kuwa ni majivu ya jiko lake.